Mke Mwenye Taa Mbili

Wengi hudhani majini hungoja giza. Huyu wa Morotonga, pale Mugumu, alikuwa anakuja saa nane mchana, saa ya watu kushiba na kuku kulala vumbini, na kila alipokuja alitanguliza harufu.

Harufu yenyewe ilikuwa ya samli. Siku ya kwanza Felista alirudi kutoka bombani, akatua ndoo, akaingia sebuleni kwake, na pua ikamwambia humu kuna mwanamke. Samli haikuwa imeingia nyumba ile tangu Pasaka. Tena haikuwa samli ya kupikia iliyokaa kwenye kopo. Ilikuwa ile iliyopakwa mwilini ikapata joto la ngozi, kama walivyopakwa maharusi wa zamani siku ya kutoka kwao. Felista akachungulia nyuma ya mlango. Akainua vitambaa vya makochi. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akatazama chini ya kitanda, na mimba yake ya miezi mitatu ikambana kidogo pale alipoinama. Joram mumewe, aliyekuwa kwenye kigoda na gitaa mapajani, alimwangalia akipita huku na huku. Alishazoea.

"Nani alikuja?" Felista akauliza.

"Aje nani?"

"Nanusa samli."

"Ni ampu hii ya gitaa. Ikipata moto inatoa harufu. Vumbi la zamani."

"Vumbi la mwanamke gani?"

Joram akacheka. Sasa tusimwonee Felista. Ni kweli alikuwa na wivu; kwaya nzima ilijua kwamba ukimpa Joram mkono Jumapili, usiukawize. Lakini wivu wake haukuota hewani. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na wifi zake walikuwa wameanza kusema, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni, kwamba mwanamume hawezi kukaa na shamba la mawe mpaka azeeke. Hii ya tatu aliibeba kama mtu anayebeba trei ya mayai kwenye pikipiki. Mtoto huyu akizaliwa mzima, nyumba ni yake. Asipozaliwa, atakuja mwingine, na huyo mwingine ndiye Felista aliyekuwa akimtafuta chini ya kitanda kila siku kabla hajafika.

Joram alikuwa fundi wa redio na sola pale Mugumu, na Jumapili alipigia kwaya gitaa. Shida yake ilikuwa moja. Alipenda ule mlio wa kuunguruma. Kwenye amplifaya kuna kitufe wanakiita geini. Ukikizungusha mpaka mwisho, gitaa linaacha kulia kama gitaa, linanguruma kama lori linalopanda mlima wa tope, na ukishika uzi mmoja tu unalia mpaka uchoke wewe. Alijaribu mara moja kanisani, kwenye wimbo wa sadaka. Mwalimu wa kwaya akamwambia Mungu si kiziwi. Tangu hapo akawa anaungurumia nyumbani, mchana, akitoka kazini kula.

Na kifaa chenyewe alikipata hivi.

Alikwenda Nyanungu, huko Tarime, kutengeneza sola kwa ajuza mmoja aitwaye bibi Gati, anayeishi peke yake na ng'ombe wake. Kwenye kona ya nyumba akaona kitu kimefunikwa shuka. Akafunua. Amplifaya ya zamani, nzito kama mfuko wa saruji, ngozi nyeusi kote, na nyuma yake taa mbili za kioo, zile ambazo vijana wa siku hizi hawazijui, zinazowaka taratibu kama kaa la moto linalopulizwa. Moyo wa Joram ukaruka.

"Ya binti yangu Bhoke," bibi Gati alimwambia. "Alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi pale Sirari. Homa ikamchukua. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajatoka nyumba hii kuolewa. Wenzake wote wameolewa, yeye yuko hapo nyuma ya zizi."

Joram akatoa hela. Bibi Gati akaziangalia noti kama mtu aliyeonyeshwa panya.

"Mura, kijana wangu, kitu cha mwanangu hakitoki hapa kwa karatasi. Kitatoka kwa ng'ombe."

Joram alikuwa na mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji, aliyeachiwa na baba yake. Mtamba mmoja kwa amplifaya ya taa, akaona amepata. Wiki iliyofuata akamswaga kwa miguu, mwenzake akifuata nyuma na pikipiki. Njiani watu wakawa wanauliza, "Mura, unakwenda kuoa?" Naye akajibu akicheka, "Naoa. Mke mwenye taa mbili." Alilisema hilo kila kijiji, maana watu walicheka.

Bibi Gati alikuwa amewaita vikongwe wenzake wawili. Mtamba akapitishwa lango kubwa, akaingia zizini, na wale vikongwe wakapiga vigelegele. Joram akakalishwa, akapewa ugali wa mtama na maziwa mgando, akala akamaliza. Kisha bibi Gati akachovya kidole kwenye samli, akampaka Joram kwenye paji, akaupaka mshikio wa amplifaya, akalia.

"Nimekupa," akasema. "Usimweke kwenye baridi. Na usimlete mwingine kabla hujamwambia."

"Sawa, mama," Joram akajibu.

Akili yake yote ilikuwa kwenye pikipiki, mzigo mzito namna ile ataufungaje usidondoke. Nyumbani alimwambia Felista kwamba amebadilishana na mtamba. Hayo mengine, ya samli na machozi na vigelegele, hakuyasema, kwa sababu aliyaona ni mambo ya wazee. Na ilikuwa wiki ile ile Felista alipokosa siku zake.

Basi. Harufu ikaendelea kila mchana. Felista akaacha kunusa akaanza kuvumilia, kama mtu anayevumilia mgeni asiyeaga.

Ndipo Joram akaleta ya pili.

Hii ilikuwa mpya, ndogo kama redio ya kaseti, imetoka Mwanza kwenye boksi lake. Haina taa. Ndani yake kuna kompyuta inayoigiza milio ya amplifaya kubwa, na sifa yake ni kwamba inaunguruma hata ukiipunguza sauti mpaka kunong'ona. Ile ya zamani haiungurumi vizuri mpaka uipandishe sauti na mabati ya jirani yatetemeke. Tena mpya ina tundu la hedifoni. Mtu anaweza kupiga mpaka atoke jasho na mkewe amelala pembeni asisikie kitu. Felista aliipenda hapo hapo. Aliona imekuja kumfukuza yule mwenye samli.

"Sasa nimchague nani?" Joram alisema, amezipanga sebuleni moja huku moja huku. "Bibi mkubwa ana roho. Ukimgusa kidogo anaitika kidogo, ukimgusa kwa nguvu anaitika kwa nguvu. Bibi mdogo ni msafi, ila kama ananiigiza."

"Na mimi ni bibi wa ngapi?" Felista akauliza.

"Wewe ni hakimu. Kaa hapo uangalie ukutani, nikufunge macho. Napiga wimbo mmoja, nabadilisha kwa swichi ya mguu. Wewe sema ipi tamu. Usijue ni ipi."

Ilikuwa Alhamisi baada ya chakula. Felista akakaa kwenye kochi amefungwa kitenge machoni, mimba imeshaanza kuonekana. Joram akapiga. Akabadilisha. Akapiga tena.

"Ya kwanza inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria," Felista akasema. "Ya pili nzito, inaingia tumboni. Hiyo ya tatu." Mdomo wake ukalegea kwa tabasamu ambalo Joram hakuwa ameliona siku nyingi. "Hiyo ya tatu ndiyo tamu. Kama mtu anaimba ndani ya gitaa, yuko mbali anakuja. Mtoto amecheza, Joram. Amecheza sasa hivi, mara ya kwanza. Irudie."

Joram hakurudia.

"Irudie basi."

"Felista, hapa ziko mbili."

"Nimesikia tatu."

"Mimi pia nimesikia," Joram akasema polepole. "Lakini mkono wangu ulikuwa hewani."

Felista akafungua kitenge machoni. Ile ndogo ilikuwa imezimika. Ile kubwa taa zake zilikuwa zinawaka kwa kupanda na kushuka, na sebule nzima ilinuka samli mpaka kooni.

Kesho yake Joram aliporudi kula alikuta amplifaya mpya imemwagiwa maziwa mgando. Yalimiminwa kwa utulivu, kwenye kila tundu, mpaka ndani, na juu yake kibuyu kimewekwa vizuri kama mtu aliyemaliza kazi. Akamgeukia mkewe.

"Ungesema tu huitaki."

"Mimi ndiye niliyeitaka hiyo."

"Nani mwingine mwenye wivu humu ndani?"

Wangapi wameshitakiwa kwa sababu ya sifa zao. Kwa siku tatu mume na mke hawakusemeshana, na katika siku hizo tatu jiko la Felista likaanza kutumiwa. Alikwenda bombani akiacha mafiga ya baridi, akirudi anakuta ugali wa mtama umepikwa, umefunikwa, sehemu ya mume imewekwa kwenye sahani nzuri ya wageni, ya kwake kwenye kifuniko cha sufuria, kidogo, kama wanavyopakuliwa wake wadogo. Alimwaga. Kesho ukapikwa tena. Nguo zake alizoanika zilikutwa zimekunjwa na kuwekwa karibu na mlango, kama za mtu anayeondoka.

Siku ya nne, saa nane, alikuwa peke yake. Waya wa umeme wa ile amplifaya ulikuwa umeviringwa, unaning'inia kwenye msumari ukutani, aliuviringa mwenyewe kwa mkono wake asubuhi baada ya Joram kutoka, na gitaa liko kwenye begi lake na begi limefungwa zipu, kwa hiyo alipopita mlangoni na ungo wa mahindi akaona zile taa mbili zinaanza kuwaka, kwanza kama macho ya paka, kisha kama kaa, kisha nyekundu kabisa, alisimama bila kuelewa anachokiona, na akiwa amesimama ukaanza kutoka ule muungurumo, mdogo, wa kunong'ona, ambao mashine ile haikuwahi kuuweza kwa sauti ya chini, ukatambaa sakafuni ukampanda miguuni mpaka magotini mpaka kwenye nyonga, na tumboni mtoto akageuka, akageukia kule sauti inakotoka kama mtu aliyeitwa na mama yake, na ndani ya muungurumo maneno yakajipanga moja moja kama mtu anayetafuta noti kwenye nyuzi.

"Mdogo wangu. Sijasikia shikamoo yako."

Felista hakuweza kukimbia. Mahindi yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye ungo na aliyasikia yakigonga saruji, moja moja.

"Na huyo tumboni," ile sauti ikasema, kwa upole kabisa, "unanibebea vizuri?"

Alipopata miguu yake alikuwa kwa jirani, Happy, amekaa chini kwenye majani ya maharage. Happy ni mtu wa habari nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hilo ni jini," Happy akanong'ona. "Limekuja na ampu ile ya bendi ya Sirari. Kanisani mtakwenda Jumapili. Leo twende Nyambureti, kwa Agustina."

Agustina wa Nyambureti ni mganga, lakini ukimkuta hujui. Anafuma sweta za shule kwa sindano, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuja na bodaboda jioni ile, mkononi sweta la kijani ambalo halijatiwa mikono, akakaa sebuleni mbele ya ile amplifaya, akafuma. Hakufukiza kitu. Aliuliza maswali tu, na kadiri Joram alivyojibu ndivyo sindano za Agustina zilivyopunguza mwendo.

"Ng'ombe aliingia lango gani?"

"Lango kubwa."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ukamaliza?"

"Nilikuwa na njaa, mama."

"Akakupaka samli. Akasema nimekupa. Ukajibu nini?"

"Nilijibu sawa."

Agustina akaweka sweta chini. "Happy anasema jini. Sawa, tuite jini. Lakini hili halikuokotwa njiani. Hili ulilioa. Ulipeleka ng'ombe kwao mchana, watu wanaona, ukala, ukaapa. Na wewe, binti," akamgeukia Felista, "kwenu walikula ng'ombe wangapi?"

Felista akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa mwinjilisti. Alikataa ng'ombe mbele ya ukoo mzima, akasema binti yake si mbuzi wa mnada na Yesu alishalipa kila kitu. Siku ile Felista alijivuna sana.

"Hakuna," akasema.

"Basi wewe umeolewa kwa cheti. Yule ameolewa kwa kwato. Anajiona ndiye mwenye nyumba, na wewe ni mdogo uliyeletwa umsaidie kuzaa. Aliyekufa bila mtoto anataka wa kuitwa jina lake. Wanawe ni hao unaowabeba wewe."

"Na ile ampu mpya?" Joram akauliza.

"Uliahidi hutaleta mwingine bila kumwambia. Ukamleta, ukawapanga sebuleni, ukawapima nani mtamu. Hata mimi ningekumwagia maziwa, na maji ya moto juu yake."

Happy alicheka, kisha akakumbuka yuko wapi.

"Atatokaje?" Felista akauliza.

"Kama mke yeyote anavyotoka. Arudishwe kwao, ng'ombe arudi. Mchana, lango lile lile."

Joram akatoka nje kutafuta kamba za kufungia mzigo. Hapo Agustina akamsogelea Felista, akasema kwa sauti ya chini, na maneno haya aliyasikia Felista peke yake:

"Sikiliza. Ng'ombe lazima arudi mtupu kama alivyokwenda. Amekaa kule miezi minne kati ya madume. Mwende na bwana mifugo ampime kwanza. Akiwa na kitu tumboni, mwacheni azae kwao, ndama abaki, ndipo mama yake aje. Mkileta uzao wa nyumba yake kwenye zizi lenu, na yeye atachukua uzao wa nyumba yenu. Hapo mimi sina dawa."

"Bwana mifugo yuko kwenye chanjo. Anarudi Ijumaa."

"Basi ngojeni Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Felista akaangalia zile taa mbili. Zilikuwa zimezima, lakini harufu ilikuwepo, imekaa kwenye kiti cha mumewe, kwenye shati lake lililoning'inia, kwenye mto wa upande wake yeye mwenyewe wa kitanda. Siku nne zaidi za kupakuliwa kwenye kifuniko cha sufuria. Joram akaingia na kamba.

"Agustina amekwambia nini?"

"Amesema kesho asubuhi," Felista akajibu. "Tusimlaze siku mbili."

Agustina alikuwa mlangoni anafunga viatu. Ama hakusikia, ama alisikia akaona kila mwanamke na nyumba yake.

Kesho yake wakaenda wote wawili kwa gari la kukodi. Felista hakukubali kubaki. Alitaka kumwona akitoka kwa macho yake. Bibi Gati aliwapokea langoni, Joram akatoa shikamoo, ajuza akajibu marahaba bila kumtazama. Alikuwa anaitazama ile amplifaya nyuma ya gari.

"Amekukosea nini?" akauliza.

"Hajanikosea, mama. Mimi ndiye niliyekosea."

"Alikuwa anapika?"

Felista ndiye aliyejibu. "Alikuwa anapika."

Bibi Gati akamgeukia, akamwangalia tumbo muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayepima kitambaa kwa jicho. Kisha akaenda zizini, akamtoa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe. Alikuwa amenawiri. Joram akampiga mgongoni kwa furaha. Felista alisimama pembeni, akaliona lile tumbo, akajiambia ni majani mabichi ya Nyanungu.

Nyumbani harufu ikakoma. Kwa kweli ikakoma. Saa nane ikawa saa ya kuku na vumbi tu. Joram akamfuta bibi mdogo maziwa, akamkausha, akabadilisha vifaa viwili ndani; ikawaka. Akawa anapiga na hedifoni, mguu unatikisika, nyumba kimya, na Felista anafuma soksi za mtoto pembeni yake. Wifi zake wakaanza kuja na ndizi. Ungemwona siku zile ungesema hajui neno wivu.

Lakini kila asubuhi alikuwa anakwenda zizini peke yake. Aliliona tumbo la mtamba likishuka, likipanuka, na chuchu zikijaa, sambamba na lake, wiki kwa wiki, kama wanawake wawili wanaokutana kliniki. Joram naye aliona, akafurahi: "Amerudi na faida." Felista akatabasamu. Angesema nini? Angesema siku ile nilidanganya, kwa sababu sikuweza kuvumilia siku nne? Alifunga mdomo, akahesabu, akaomba yule ng'ombe atangulie, au achelewe, au afe.

Walizaa mchana mmoja. Felista zahanati, mtamba zizini. Mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu. Ndama jike, mwekundu.

Mtoto hakulia. Nesi alimpiga matako, akapumua, akafungua macho, akaangalia watu, lakini hakulia. Na titi akalikataa. Siku ya kwanza nesi akasema ni kawaida. Siku ya pili wakamkamulia maziwa, wakampa kwa kijiko. Yakatoka pembeni ya mdomo. Akawa anapungua machoni pao. Siku ya tatu wakamrudisha nyumbani, na mama yake Joram akafika kufanya kama wanavyofanya wazee mtoto akigoma: kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, titi likiwa mdomoni, mpaka lifike jina analolitaka.

Kabla hajaanza, Felista alimvuta Joram kwa shati mpaka chumbani, akamwambia kila kitu, hata neno la Ijumaa. Joram hakumpiga wala hakumtukana. Alitoka, akamfunga ndama kwenye pikipiki kwa ile kamba ya zamani, akaondoka kasi kuelekea Nyanungu.

Mama yake akataja majina. Alitaja la mama yake, la bibi yake, la shangazi aliyeuawa na radi, la wanawake ambao hata Joram hakuwahi kuwasikia. Mtoto alimtazama tu, kwa subira, kama mtu anayesikiliza redio akingoja kipindi chake.

Mchana ukasogea. Nje pikipiki ikarudi, na Felista akasikia, kabla mlango haujafunguliwa, ndama analia.

"Bibi Gati alizikwa mwezi uliopita," Joram alisema akiwa mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope. "Lango limezibwa kwa miiba. Zizi tupu. Hakuna mtu wa kupokea."

"Na ile ampu?"

"Majirani wanasema nyumba ilikutwa tupu. Hawajui."

Mama yake Joram akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Kuna jina mnalificha," akasema. "Litajeni. Mtoto anakwisha."

Ilikuwa saa nane. Harufu iliingia polepole kupitia chini ya mlango, samli iliyopata joto la ngozi, ikazunguka sebule kama mwenyeji anayekagua vitu vyake baada ya safari, ikapita kwenye makochi, kwenye meza, kwenye ile amplifaya ndogo iliyowekwa kwenye kona bila waya, ambayo haikuwa na taa hata moja ndani yake kwa jinsi ilivyotengenezwa, lakini sasa, kupitia matundu ya nyuma, ilikuwa inatoa mwanga mwekundu unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mwendo ule ule wa kifua cha mtoto. Joram alipiga hatua kuielekea, akasimama.

Felista alimwinua mwanawe. Aliyemngoja miaka sita. Yale macho yalikuwa yanamtazama bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Bhoke," akasema.

Mtoto akasogeza midomo, lakini hakushika titi. Alikuwa anangoja kitu kingine. Felista alikijua. Alikuwa anakijua tangu siku ya mahindi.

Akamsogeza tena kifuani.

"Shikamoo, Bhoke."

Mtoto akashika titi, akanyonya kwa nguvu, akimeza kwa sauti, na mama yake Joram akaanza kulia kwa furaha na kumshukuru Mungu. Felista hakulia. Alikuwa anautazama ule mkono mdogo wa kushoto uliowekwa juu ya ziwa lake. Vidole vinne vilikuwa vinabonyeza kwa zamu, kimoja baada ya kingine, vinainuka, vinabonyeza tena. Na ncha zake, za mtoto wa siku tatu, zilikuwa ngumu na zimekwaruzika, kama za mtu aliyepiga gitaa miaka mingi.